Hesabu ya watu kwenye petroli stesheni yenye duka, Malindi

Mwenye petroli stesheni Malindi, Kenya, hapangi bei ya petroli. Tangu Desemba 2010 serikali ndiyo hutangaza bei ya juu kabisa kila mwezi, zamani kupitia tume ya nishati, ERC, na sasa mamlaka ya nishati na petroli, EPRA, na kila mji una bei yake. Faida ya muuzaji ni shilingi chache kwa kila lita, na shilingi hizo hazipandi kwa sababu tu petroli imepanda. Anachoweza kukiamua mwenyewe ni watu anaowaweka kazini na duka lililo nyuma ya pampu. Huko ndiko pesa huishia bila mtu yeyote kuiba.

Tuanze na mshahara, maana ndio hulalamikiwa kwanza. Malindi ilikuwa manispaa, kwa hiyo imo kwenye safu ya pili ya amri ya mishahara, ile ya serikali inayoweka kima cha chini: chini ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru, juu ya miji midogo na mashambani. Kima cha chini cha kibarua wa kawaida katika safu hiyo kilikuwa shilingi 10,107.10 mwaka 2015. Kikaenda 11,926.40 mwaka 2017 na 12,522.70 mwaka 2018, kikaganda hapo miaka minne, kisha 14,025.40 mwaka 2022 na 14,866.90 kuanzia Novemba 2024. Hizo ni pesa za mshahara mtupu. Posho ya nyumba ni 15% juu yake, yaani 2,230, jumla 17,097.

Tajiri asiyeijua kazi huishia hapo. Lakini hadi mwanzoni mwa 2023 mchango wa mwajiri wa NSSF, mfuko wa pensheni, ulikuwa shilingi 200 tu kwa kichwa. Sheria ya 2013 ilipoanza kutumika Februari 2023, ukawa 6%, na kwa mshahara huu ni 1,026. Machi 2024 ikaja sheria ya nyumba za bei nafuu na 1.5% ya mwajiri, shilingi 256. Weka na 50 za NITA, tozo ya mafunzo ya kazi. Mtu mmoja anakugharimu 18,429 kwa mwezi. Hesabu hiyohiyo mwaka 2015 ilitoa 11,873. Mshahara wenyewe umepanda kwa 47%, lakini gharama ya mtu imepanda kwa 55%, na tofauti hiyo haionekani ukiangalia amri ya mishahara peke yake.

Mfanyakazi naye, akishakatwa NSSF, SHIF ya matibabu na ya nyumba, anapokea kama 15,344. Wewe umetoa 18,429. Mpe hati ya mshahara yenye kila kato, tena sheria inakutaka umpe. Asipoonyeshwa zilikokwenda hizo elfu tatu, atajua tajiri amezila, na hamtaelewana tena.

Jambo moja la cheo. Kwenye amri ya mishahara keshia yuko daraja la juu kabisa, pamoja na dereva wa lori kubwa, na kima chake ni zaidi ya mara mbili ya kibarua. Ukimwandikia mtu barua ya kazi inayosema "keshia" huku unamlipa kama kibarua, umejiandikia deni. Kumpa jina jingine huku siku nzima anakaa kwenye tili hakukusaidii sana, maana afisa wa kazi huuliza mtu anafanya nini. Amua mapema: mtu mmoja au wawili wa tili wanaolipwa kama keshia, na wengine wanaopanga bidhaa, kufagia na kuhudumia pampu. Hesabu zinazofuata nimezifanya kwa daraja la chini ili zifuatike kwa urahisi. Duka lenye makeshia halisi litakuwa ghali zaidi.

Sasa saa za kazi, na hapa ndipo wengi huteleza. Chukua stesheni ya kawaida kwenye barabara ya Lamu. Wahudumu 3 wa pampu kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku, mmoja usiku kucha. Dukani mtu mmoja saa 24, na wa pili kwa saa 8 za shughuli nyingi. Jumla ni saa 88 kwa siku: 56 za pampu na 32 za duka. Tajiri hugawanya kwa 8, anapata watu 11, anaajiri 11, kisha anashangaa mbona kila wiki kuna pengo na mbona vijana wamechoka.

Gawanya vizuri. Wiki ya kazi ni saa 52 kwa siku 6. Zamu ya saa 8 mara 6 ni 48, na zile 4 zilizobaki ni dakika 40 kila siku za kukabidhiana zamu, ambazo mtu yuko kazini lakini hauzi. Kwa mwaka zinabaki saa 2,496 za kuuza. Toa likizo ya siku 21 za kazi na sikukuu kama 12, unabaki na 2,232, na hapo bado hajaugua mtu. Nafasi moja inayokaliwa saa 24 mwaka mzima ni saa 8,760. Inataka watu karibu wanne. Saa 88 kwa siku zinataka watu 14 na zaidi. Hao watatu wanaokosekana kwenye hesabu ya tajiri ndio mapumziko na likizo za wenzao.

Saa moja ya kuuza, ukigawanya gharama ya mwaka kwa 2,232, inakuwa shilingi 99. Itie kichwani namba hiyo.

Wengine hukwepa haya kwa kuweka zamu mbili za saa 12. Inaonekana rahisi: watu wachache, kukabidhiana mara mbili badala ya tatu. Lakini saa 12 kwa siku 6, hata ukitoa saa moja ya chakula, ni 66. Kwa wa mchana zimezidi 14 kila wiki. Kiwango cha saa ni mshahara wa mwezi ukigawanywa kwa 225, yaani shilingi 66.08, na ovataimu ya siku ya kawaida ni mara moja na nusu, 99.11. Kwa mwezi ni kama shilingi 6,000 kwa mtu mmoja. Usipomlipa, Sheria ya Ajira inampa miaka 3 ya kudai, na mahakama ya kazi iko hapahapa Malindi. Mtu mmoja miaka 3 ni 216,000. Zidisha kwa idadi ya uliowafanyisha hivyo.

Halafu angalia hizo namba mbili tena. Saa ya kawaida inakugharimu 99 ukishahesabu likizo na mapumziko. Saa ya ovataimu inakugharimu 99.11, na ukiongeza NSSF na ya nyumba inafika kama 106. Tofauti ni shilingi saba. Kwa hiyo kwa msongamano wa saa mbili jioni, au mtu akiwa mgonjwa, ovataimu iliyoandikwa na kulipwa ni nafuu kuliko kuajiri mtu mpya. Ovataimu isiyoandikwa ndiyo hasara.

Lakini mshahara si nusu ya habari. Kilichopandisha gharama ya kazi kwa kila lita Malindi ni tuktuk na bodaboda.

Simama kando ya pampu saa 1 asubuhi uangalie. Tuktuk inaingia, dereva hashuki. "Mia mbili, ndugu." Mhudumu anarudisha mita kwenye sufuri, anamwonyesha, anabonyeza 200, anaingiza nozeli, anasubiri, anafunga kifuniko. Dereva anatoa simu, anaandika namba ya tili ya M-Pesa, anaweka siri, wote wawili wanangoja ujumbe. Nyuma zimepanga nne. Kazi hiyo yote ni ileile kwa gari la watalii linalojaza lita 50.

Mwaka 2015 petroli ilikuwa chini ya shilingi 110, kwa hiyo mia mbili ilitoa karibu lita mbili. Julai 2023 VAT ya mafuta ilitoka 8% ikawa 16%, na Septemba lita ikapita shilingi 200. Mia mbili haikufika hata lita moja. Dereva hakuongeza pesa, kwa sababu abiria hakuongeza nauli kwa kiwango hicho. Anakuja mara zilezile au zaidi, ananunua nusu ya alichonunua. Bei ilishuka baadaye, lakini haikurudi ilikotoka.

Kwa stesheni yetu ya mfano, saa 56 za pampu ni watu 9 na kidogo, kama shilingi 169,000 kwa mwezi. Ukiuza lita 5,000 kwa siku, kila lita inabeba shilingi 1.13 za watu. Lita zikishuka hadi 3,500 na foleni ikabaki ileile, inabeba 1.61. Ukiwa na faida ya, tuseme kwa hesabu tu, shilingi 4 kwa lita, umepoteza nusu shilingi kwa kila lita bila mshahara kuongezeka hata senti.

Dawa yake ni kupunguza sekunde. Tenga upande mmoja wa pampu uwe wa tuktuk na bodaboda pekee, umpe mhudumu mwepesi kuliko wote. Bango la tili libandikwe usawa wa macho ya dereva aliyekaa, si juu ya pampu, ili aanze kuandika namba kabla mafuta hayajaanza kutoka. Noti za 50 na 100 za chenji zipangwe mfukoni kabla ya saa 12 na nusu asubuhi. Simu ya tili aishike mhudumu mwenyewe: akiangalia ujumbe kwenye simu ya mteja, ipo siku ataonyeshwa ujumbe wa jana au wa kutengenezwa. Upande wa magari makubwa usiingiliwe na bodaboda hata foleni ikiwa ndefu, kwa sababu gari la hoteli likikuta pikipiki sita mbele linaenda stesheni inayofuata na lita zake 60.

Wavuvi nao wana yao. Huja na madumu alfajiri, kabla ya kutoka na maji, na kaskazi huja wengi kuliko kusi. Dumu liwekwe chini kwenye zege, kamwe lisijazwe likiwa juu ya pikipiki, na nozeli iguse mdomo wa dumu muda wote, kwa ajili ya cheche za umeme tuli. Mashine nyingi za boti za mipigo miwili huchanganywa 50 kwa 1, yaani mililita 400 za oili kwa dumu la lita 20. Mhudumu akianza kupima oili kwa kikopo alfajiri, foleni inasimama. Chupa za mililita 400 zijazwe mchana, wakati wa utulivu, ziwekwe dukani karibu na friji ya barafu, maana mvuvi huyohuyo anataka barafu, mkate na sigara.

Watu husoma mambo ya Marekani kisha huuliza kwa nini tusifanye kama wao, mteja ajijazie. Kule pampu inayofunguliwa kutoka kwenye kaunta ilianza kutumika mwaka 1964 Colorado, na baadaye keshia mmoja wa duka akawa ndiye mhudumu wa pampu zote. Duka likala kazi ya pampu. Hata huko si kote: New Jersey inakataza kujijazia tangu 1949, na Oregon iliruhusu sawasawa mwaka 2023 tu. Kwetu hesabu haikubali. Mhudumu wa shilingi 99 kwa saa bado ni nafuu kuliko mtambo wa kufungua pampu kwa mbali, na mteja wa mia mbili hataki kushuka, kuingia dukani na kurudi. Duka la stesheni Malindi huongeza watu, halipunguzi. Basi lijilipie lenyewe.

Na hapo hesabu ni kali. Saa 32 za duka ni watu 5 na kidogo, shilingi 96,000 kwa mwezi. Kwa faida ya 20%, duka liuze kama 16,000 kila siku ili kulipa watu wake tu, kabla ya stima, kodi ya nyumba na bidhaa zilizoharibika. Stima ya friji za vinywaji kwa joto la Malindi si mchezo, lakini hiyo ni habari nyingine.

Kwa hiyo kila bidhaa iulizwe inakula dakika ngapi za mtu. Maji na soda hazili kitu ila kujaza friji, na hiyo ifanywe usiku, chupa za zamani zikiletwa mbele. Mitungi ya gesi inalipa, lakini inamtoa mtu nje dakika tano kila mara. Iwekwe kwenye kizimba upande wa pampu ili mhudumu wa pampu aitoe. Chakula cha moto ndicho mtego. Viazi karai na sambusa zina faida nzuri kwenye karatasi, ila zinataka mtu wa kukaanga saa 6 hivi, na shilingi 594 za mtu huyo kwa siku zinakula faida ya sahani nyingi. Njia inayofaa hapa mjini ni kuchukua kwa mama anayepika nyumbani: mahamri yafike saa 11 na nusu alfajiri, yasiyouzwa arudishiwe, wewe uchukue asilimia yako. Mwezi wa Ramadhani agizo lihamie jioni kabla ya futari, na zamu ya asubuhi ipunguzwe mtu mmoja aende usiku, kwa sababu mji unakaa macho hadi daku.

Usiku wa siku nyingine ni swali tofauti. Mtu mmoja wa duka kutoka saa 4 usiku hadi saa 12 ni shilingi 792. Anahitaji mauzo ya karibu 4,000 ajilipe. Mhudumu wa pampu naye anahitaji lita 198 kwa faida yetu ya mfano. Kabla ya kuandika "Saa 24" kwenye bango, chukua mauzo ya usiku ya mwezi mzima saa kwa saa. Mara nyingi utakuta saa 4 hadi 6 zinalipa, saa 6 hadi 10 hazilipi kitu, na saa 10 alfajiri wavuvi na matatu za kwanza zinaanza. Desemba na Agosti, watalii wakiwapo, ni tofauti. Njia ya kati ni kufunga mlango wa duka saa 6 na kuuza kupitia dirisha lenye nondo, huku mtu wa ndani akipokea pesa za duka na za pampu pia. Mhudumu wa nje hashiki pesa usiku. Hili linapunguza hesabu ya asubuhi, na linampunguzia hatari.

Shoti, yaani pesa zinazopungua zamu ikifungwa. Kila stesheni inayo, na kila tajiri hutaka kuikata kwenye mshahara. Sheria inaruhusu kukata upungufu wa pesa uliotokana na uzembe au udanganyifu pale tu mkataba unaposema wazi kwamba mtu huyo amekabidhiwa kupokea na kutunza pesa. Hamna maneno hayo kwenye mkataba, huna haki ya kukata. Na makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Uzembe nao uthibitishwe, maana shoti nyingi si za mtu mmoja: wawili wameshikiana nozeli wakati wa chakula, mita imesomwa vibaya kwa tarakimu moja, petroli ya majaribio iliyorudishwa tangini haikutolewa kwenye hesabu, au mteja wa ankara, anayechukua mafuta kwa mkopo, hakuandikwa.

Kukabidhiana ndiko huziba haya. Msimamizi na wahudumu wawili, anayetoka na anayeingia, wasome mita ya kila nozeli pamoja na kuandika kabla ya mtu kugusa pampu. Mita ya sasa toa ya mwanzo, toa lita za majaribio, zidisha kwa bei. Linganisha na pesa zilizotiwa sefuni, M-Pesa ya tili yake, kadi na ankara. Pesa taslimu zitumbukizwe sefuni kila zikifika 5,000, kwa karatasi yenye sahihi mbili. Dukani sigara na kadi za simu zihesabiwe kila zamu kwa sababu ni ndogo na ni ghali. Vingine mara moja kwa wiki vinatosha. Anayehesabu duka zima kila zamu anateketeza saa za watu kutafuta biskuti.

Msimu nao una gharama yake. Kuanzia Novemba hoteli za Malindi na Watamu huajiri, na anayekimbia kwanza ni kijana wako mchangamfu anayejua maneno mawili matatu ya Kiitaliano. Mpya anakaa wiki mbili akifundishwa huku mwenzake akifanya kazi ya wawili. Likizo zote zipangwe Aprili hadi Juni, wakati wa masika, hoteli nyingi zimefungwa na lita zimeshuka, na zipangwe Januari kwa maandishi ili mtu ajue yake. Nyongeza ndogo inayolipwa mwishoni mwa Machi kwa aliyemaliza msimu ni nafuu kuliko kufundisha mpya Desemba.

Usiku wa tarehe 14 uandikwe kwenye ratiba ya kila mwezi kama siku ya pekee. Bei mpya inaanza saa 6 usiku. Ikitangazwa kupanda, foleni inaanza jioni hiyohiyo hadi barabarani, na mhudumu mmoja wa ziada saa 12 jioni hadi saa 6 anatakiwa. Ikitangazwa kushuka, jioni inakuwa kavu na asubuhi ya 15 inajaa. Mhamishie mtu huyo asubuhi. Saa 6 kasorobo simamisha mauzo, soma mita zote na upime matangi kwa kijiti, badilisha bei kwenye kila pampu, kisha kwenye bango na kwenye mashine ya risiti za kodi za eTIMS, ujaribu lita moja kila nozeli kuona kama inahesabu bei mpya. Ukisahau nozeli moja, zamu nzima itauza kwa bei ya jana na utaitafuta shoti ambayo haikusababishwa na mhudumu. Kazi inachukua karibu saa moja kwa watu watatu. Saa hiyo iandikwe kwenye daftari la ovataimu usiku huohuo, na kila mmoja aweke sahihi kabla ya kuondoka.